Mama Neema na Hisa za Bangi

Siku ya kuniaga mlinipa keki, kikombe chenye jina langu lililokosewa herufi moja, na swali. Ninyi wawili mliorithi laini ya Kiswahili mlinisogelea karibu na friji mkaniuliza, "Dada Tumaini, ni simu gani huwezi kuisahau?" Nikajifanya sikusikia, nikaendelea kukata keki. Ukweli ni kwamba jibu lake ni refu kuliko keki ile. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu zote ni zangu, na nimeona niwaandikie kwa Kiswahili ili meneja asipate tabu ya kusoma.

Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha. Vyeo nilipanda viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti kibovu kuliko cha kwanza.

Kazi ya simu niliianzia posta Korogwe, nikiwa msichana, nikiunganisha watu kwa nyaya. Nilijifunza huko kwamba mtu akishika simu hubadilika sauti, na kwamba ukisikiliza vizuri unaweza kujua kama amesimama au ameketi. Nilipofika London na sanduku moja, ndugu aliyekuwa anipokee alikuwa amehamia mji mwingine bila kuniambia. Aliyenipokea ni mama mmoja wa kanisani Tottenham, msaidizi wa wauguzi hospitalini, mtu wa Soni kule Lushoto. Alikuwa na binti mmoja mdogo, Neema, na fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tatu. Akamhamishia Neema chumbani kwake, chumba cha mtoto akanipa mimi. Nikakaa miezi minane.

Usaili wangu wa kwanza nilikwenda na koti la Mama Neema. Mikono ilinizidi, nikaikunja. Alinipita miaka kumi na mmoja tu, lakini tangu wiki ile nilimwita mama, naye akaniita mwanangu, na hakuna aliyekaa kuhesabu. Nalitaja koti hilo mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Nilizungukazunguka na kazi za usafi na za mapokezi, hadi nikapata nafasi kwenye kampuni yetu ya madalali wa hisa. Siku ya kwanza nilikalishwa mkabala na Bi Maureen, mwanamke mfupi kutoka Ireland, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na asiyejua ni ipi anaitafuta. Mezani kwake palikuwa na simu, penseli nyekundu na pakiti ya biskuti ambayo hakuwahi kumkaribisha mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwanza lile mnalolijua: sisi hatushauri. Mteja anaagiza, sisi tunatekeleza. Hata akikuuliza kama nyumba yake inaungua, umwambie bei ya maji.

Kisha akanifundisha la pili, ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kampuni. Unapokea agizo, unalirudia polepole: jina la mteja, jina la kampuni, kununua au kuuza, hisa ngapi, bei isiyozidi kiasi gani. Halafu unanyamaza. Hesabu moja, mbili, tatu moyoni, usiseme neno. Bi Maureen alisema kwamba hapo ndipo mteja anajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Ukimya ukimbana," aliniambia, "usimwokoe."

Kwa Mwingereza hilo huenda ni jambo jepesi. Kwetu sisi simu ikinyamaza tunadhani imekatika, au mtu amekasirika, au kuna msiba. Wiki za mwanzo nilikuwa nikifika mbili tu mdomo unafunguka wenyewe: haya, sawa, bila shaka, asante sana. Bi Maureen alikuwa akiniwekea kidole midomoni mwake kutoka ng'ambo ya meza. Akaniazima ile penseli nyekundu, nikajifunza kuishika kwa meno. Siku moja mama mwenye saluni Peckham aliagiza hisa elfu moja, nikarudia, nikauma penseli, na kabla sijafika tatu akasema, "Hivi nimesema elfu? Nilitaka mia."  Bi Maureen alinisukumia biskuti moja.

Laini ya Kiswahili ilianza kwa bahati. Meneja aligundua kwamba wateja wengi walikuwa wakiomba waunganishwe na "yule dada": wauguzi wa Kitanzania na wa Kenya, na wenye maduka wa Kenton ambao wazazi wao walitoka Kisumu, Nairobi na Mwanza. Kanuni ikawa hii: ongea Kiswahili utakavyo, ila agizo lenyewe lisomwe kwa Kiingereza, kwa ajili ya rekodi. Nilikuwa nikiwaambia wateja tunaongea kama watu, halafu tunaagiza kama Wazungu. Bi Maureen alistaafu miaka michache baadaye, akaniachia penseli. Kiti chake kikabaki kitupu muda mrefu, nami nikazoea kukitazama kila ninapohesabu.

Kisha ukaja ule msimu wa bangi.

Ninyi mlikuwa bado shuleni. Kanada waliihalalisha, na hapa kwetu serikali ikawaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa itokanayo na mmea huo. Magazeti yakaandika, na watu ambao hawajawahi kumiliki hisa maishani mwao wakaanza kupiga simu. Tabu ilikuwa kwenye jina. Watu wetu wamekuzwa kujua kwamba bangi ni ya wahuni na polisi, sasa leo mwinjilisti anataka kuwa na kipande cha shamba la bangi. Mmoja aliiita mboga. Mwingine alisema "ule mmea wa habari". Na mimi kwa kanuni ilinibidi nitaje jina la kampuni lote, wazi, na nilikuwa nasikia mtu anahama chumba.

Mzee Ramesh, mwenye duka la vyakula Kenton, hakuhama chumba. Yeye alizaliwa Kisumu na hajawahi kumwonea haya mtu. Alinunua mapema, hisa za kampuni mbili, na kila akipiga aliniuliza kwanza kama nimekula. Zilipofika mara mbili ya bei aliyonunulia akapiga tena.

"Mama, uza nusu," akasema.

Nikamrudishia agizo, nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, raha mustarehe, nikisikia mashine ya duka inalia nyuma yake.

"Nusu," akarudia. "Pesa yangu ya kwanza irudi nyumbani. Hiyo ingine iache icheze huko. Ikianguka, mimi nitalala usingizi."

Kwa pesa ile alinunua majokofu mapya mawili. Kwa hiyo msiniambie kwamba hisa zile hazikumfaidi mtu. Zilimfaidi aliyeingia akijua mlango wa kutokea uko wapi, na akautumia wakati wengine bado wanasukumana kuingia.

Wiki ileile Mzee Ramesh aliponunua mara ya kwanza, ndipo alipopiga Mama Neema. Alikuwa na miaka sabini, ametoka kazini miezi mitatu, kiinua mgongo kimeshaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikupigii nyumbani. Leo mimi ni customer."

Nikamuuliza maswali ya usalama kama mteja yeyote. Swali lake lilikuwa jina la mnyama wake wa kwanza. Akafikiri. "Alikuwa mbuzi wa dada," akasema. "Jina hakuwa nalo. Nilipojaza ile form niliandika Mbuzi." Nikatazama kwenye skrini. Kweli, iliandikwa Mbuzi.

"Nataka kununua zile hisa za ile dawa."

"Dawa ipi, mama?"

"Usinitajishe, mwanangu. Niko kwenye bus, na nyuma yangu kuna mtu wa church."

Nikamwomba apige akishuka. Alipiga tena akiwa kituoni, na hapo akaniambia kwa nini. Mwaka wake wa mwisho kazini alikuwa wodi ya watoto. Kulikuwa na mtoto wa kifafa, kutwa anashikwa, mama yake amechoka hata kulia. Wakampa yale mafuta yanayotokana na mmea. "Nimemwona kwa macho yangu, mwanangu," akasema. "Alilala. Akaamka akaniomba toast. Miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kufurahi kupaka mkate siagi namna ile. Sasa watu wanaotengeneza dawa kama hiyo, utaniambia watafilisika?"

Pesa yake aliigawa mafungu mawili. Kule Soni alikuwa amesimamisha kuta za nyumba, nzuri, za tofali za kuchoma, hazina paa. Dada yake aliyemlea, aliyempita miaka mingi, alikuwa akiishi kwenye nyumba ya zamani pembeni, inayovuja. Fungu la kwanza lilikuwa la bati. Fungu la pili, la kumalizia ndani na kuvuta maji, ndilo alilotaka kununulia hisa ili likue. "Dada hajawahi kuoga maji ya bomba ndani ya nyumba yake," akasema. "Nataka nifike yu hai, nimfungulie bomba."

Sasa, kanuni yetu inasema mteja akiwa ndugu yako, mpe mwenzako simu. Nilijiambia Mama Neema si ndugu yangu, maana karatasi ndivyo ilivyosema. Mtu akitaka kuvunja sheria hugeuka kuwa mwanasheria hodari.

Nikalisoma agizo kwa Kiingereza, vizuri, kama nilivyofundishwa. Nikanyamaza. Moja. Mbili. Na upande wa pili nikamsikia anasubiri. Si mteja anayefikiri. Ni mama yangu amesimama kituo cha basi Tottenham, ameniambia jambo kubwa la maisha yake, na mimi nimemnyamazia kama asiye na adabu. Likanijia lile koti. Nikaona haya. Penseli ikanitoka mdomoni, nikasema lile ambalo kila mmoja wetu humwambia mkubwa anapoanza jambo:

"Haya mama. Mungu atangulie."

"Amina, mwanangu," akasema, na sauti ikamchangamka. "Nilikuwa naisubiri hiyo. Basi nunua."

Nikabonyeza.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia kanisani, nje ya rekodi, kwamba naogopa. Kwanza, ningefukuzwa kazi. Pili, sikuwa na hakika. Nilijua vya kutosha kuogopa, sikujua vya kutosha kukataza. Na tatu, zilianza kupanda, na mbele ya kitu kinachopanda kila mwenye hofu huonekana mjinga.

Zilipanda kweli. Mama Neema alikuwa akija kanisani na kopo la vitumbua kwa ajili yangu, akinibonyeza mkono wakati wa kusalimiana. Neema alimwekea bei kwenye simu, akawa anaichungulia katikati ya matangazo. Na Mzee Ramesh alipouza nusu yake, mimi nilibeba siri hiyo Jumapili nzima kama mtu aliyemeza mfupa. Biashara ya mteja mmoja hairuhusiwi kumfikia mwingine. Nilikula vitumbua viwili nikanyamaza, na safari hiyo ukimya wangu haukumsaidia mtu.

Halafu zikashuka. Hazikuanguka siku moja. Hilo lingekuwa rehema, mtu angeshtuka akatoka. Zilishuka kidogo, zikapanda kidogo, zikashuka zaidi. Nitawaeleza kwa ufupi kwa sababu mtakutana nayo tena kwa jina jingine, iwe betri, iwe kompyuta zinazofikiri. Zile kampuni zilikuwa zinalima mno kuliko wanunuzi waliokuwepo. Sheria za nchi nyingine, zilizotarajiwa kufunguka, zilifunguka kwa mwendo wa konokono. Hapa Uingereza dawa iliruhusiwa, lakini madaktari waliokuwa tayari kuiandika walikuwa wachache. Kampuni zikaishiwa pesa, na kila zikiishiwa zikatoa hisa mpya na kuziuza. Mkate ni uleule, vipande vinaongezeka, na chako kinazidi kuwa chembamba hata kama hujauza wala kula. Na ukitaka kutoka, bei ya kuuzia ilikuwa mbali na ile ya kununulia, maana mlangoni hapakuwa na mtu wa kukupokea.

"Zitarudi," Mama Neema aliniambia baada ya ibada. Kopo la vitumbua siku hizo halikuwepo. "Dawa ni ya kweli, mwanangu. Nilimwona yule mtoto."

"Dawa ni ya kweli, mama," nikamjibu. Hapo ndipo nilipoishia. Nusu ya pili ya sentensi hiyo, kwamba dawa kuwa nzuri na hisa kuwa nzuri ni mambo mawili, niliimeza. Mtoto anaweza kupona na aliyenunua hisa akafilisika, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Simu ninayowaambia ilikuja Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Shikamoo, marahaba, Mbuzi. Sauti yake ilikuwa ya haraka, na nilimsikia ameketi.

"Nataka kuongeza," akasema. "Zimekuwa rahisi sana sasa. Nikinunua nyingi kwa bei hii, zikipanda kidogo tu narudisha zote. Hata Mkenya mmoja wa pale Peckham amefanya hivyo."

Nikatazama akaunti. Pesa mpya zilikuwa zimeingia jana yake, na kiasi chake nilikifahamu.

"Ni ya bati, mama?"

"Ni yangu," akasema. Kisha akashusha sauti. "Ni ya bati."

Mwenzangu wa meza ya tatu hakuwa na mteja kwenye simu. Nilipaswa kumpa. Lakini yeye alikuwa akisoma maagizo mbio, kama anayekimbiza treni, na nilijua angeuliza, angejibiwa, angebonyeza. Nikabaki. Nilichukua ile penseli nyekundu, iliyokuwa imebaki fupi sana, nikaiuma. Nikasoma agizo polepole kuliko nilivyowahi kusoma agizo lolote. Jina lake lote, matatu. Jina la kampuni. Kununua. Idadi. Bei.

Nikanyamaza.

Moja, mbili, tatu. Nikatazama kiti cha Bi Maureen.

"Halo? Upo?"

"Nipo, mama."

Nikanyamaza tena. Nilisikia birika lake linaanza kuchemka. Lilichemka, likajizima.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona leo huniombei?"

Ndugu zangu, nimefiwa na wazazi wote wawili nikiwa nchi hii, na wote nimewazika kwa simu. Lakini sijui kama kuna dakika iliyonielemea kama ile. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa jepesi, zuri, la heshima, na yeye alikuwa ananiomba kama anayeomba maji. Nilichoruhusiwa kufanya ni kimoja. Nikalisoma agizo tangu mwanzo, Kiingereza kikiniruka. Nikanyamaza mara ya tatu.

Sikuhesabu tena. Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe, kisha kikasimama.

"Dada alinipigia juzi," akasema. Hakuwa akisema na mimi sana. "Mvua imefika mpaka kitandani. Amehamishia godoro jikoni." Akavuta pumzi. "Futa."

"Unataka nifute agizo, mama?"

"Futa. Pesa irudi benki kwangu leo."

Kanuni inataka na kufuta kurudiwe, na baada ya kurudia unyamaze. Nikarudia, nikanyamaza.

"Mwanangu, nimesema futa. Usinichoshe."

Nikafuta. Nilikwenda msalani nikalia, nikarudi, nikaenda kwa meneja kabla hajaniita. Nilimweleza simu zote mbili. Alisikiliza rekodi ya kwanza akaisimamisha pale mwisho, akauliza maneno yale ni nini. Nikamwambia ni dua tunayomwombea mtu anayeanza safari. Akauliza kama dua hiyo ni ushauri. Nilifikiri kidogo, nikamjibu kwamba kwenye mdomo wa mtu mwingine si ushauri, lakini kwenye mdomo wangu, kwa yule mama, ni ushauri. Akaniandikia barua ya onyo na kunitoa kwenye laini ya Kiswahili miezi mitatu. Wateja wa Kenton walinuna. Barua hiyo ninayo, iko kwenye sanduku moja na vyeti vya shule.

Jumamosi nilikwenda Tottenham. Neema ndiye aliyefungua mlango, mtu mzima sasa, anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mama hana hasira na mimi, mwenye hasira ni yeye. Nikamwambia ana haki. Akanipisha nikapita, akavaa koti akaenda zake matembezi.

Mama Neema alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikakaa. Nikamwambia kwamba ile siku ya kwanza nilimwombea Mungu atangulie kwa sababu nilishindwa kumnyamazia, na kwamba moyoni nilikuwa naogopa, na sikumwambia. Nikamwomba msamaha.

Aliendelea na mchele.

"Tumaini," akasema, si kawaida yake kuniita jina. "Unafikiri mimi sikujua una hofu? Nimekufundisha kuvuka barabara ya mji huu. Ningetaka kujua maoni yako ningekuuliza maoni. Niliomba baraka kwa sababu baraka hainiambii hapana." Akatupa jiwe moja kwenye sahani ndogo. "Ile Jumanne uliponinyima, nikakasirika. Nikasema huyu mtoto nimemvisha koti langu. Halafu nikaona hujawahi hata siku moja kuniacha nisubiri. Nikajua lazima kuna jambo."

"Nimekupotezea maji ya dada, mama."

"Maji nimeyapoteza mimi. Wewe umebakiza bati. Sogea huku, macho yangu hayaoni mawe tena."

Tukachambua mchele. Nilimpenda siku zote, lakini sidhani kama nimewahi kumpenda kama pale, na yale mawe madogo yanalia kwenye sahani.

Alirudi Soni mwaka uliofuata. Zile hisa hakuziuza mpaka alipokuwa anafunga mizigo, na zilichobakiza kilitosha sinki na bomba moja. Moja tu, jikoni. Alinitumia picha: dada yake, mdogo kama mtoto, kilemba cheupe, mkono chini ya maji, anacheka bila meno. Walikaa pamoja miaka mitatu na miezi, chini ya paa lile, hadi dada alipolala usingizi wa mwisho. Mama Neema ananiambia kila asubuhi dada yake alikuwa akilifungua lile bomba na kulifunga, kuhakikisha.

Mimi nilirudi kwenye laini, nikafanya kazi hadi mwisho. Mzee Ramesh bado ana ile nusu nyingine. Ilibaki thamani ya katoni chache za maziwa, naye analala usingizi kama alivyosema. Wateja wameniuliza mara nyingi kama zile hisa zilikuwa nzuri au mbaya. Sikuwajibu, hatushauri. Ninyi nawaambia msome, mnyamaze, na mteja akiwa mtu wenu, mpeni mwenzenu simu, hata karatasi ikisema si ndugu. Penseli nimeiacha kwenye droo ya kushoto. Ni fupi, lakini bado inaumika.

Siku ile ya keki nilitoka mapema. Kabla sijafika stesheni nilisimama kando ya ukuta nikampigia Mama Neema, kwa simu yangu, isiyorekodiwa na mtu. Kwao ilikuwa jioni, jua bado halijazama. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nimemaliza kazi, kwamba mwanawe ni mstaafu sasa, na kwamba sijui nitaamka kesho kufanya nini. Nikamwambia naogopa. Nikamwomba aniombee.

Hakujibu. Nikataka kusema halo, upo. Nikajizuia. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na bado hakusema neno, na nilijua hajakata, maana nilisikia kitu. Mwanzoni nilidhani ni simu inakwaruza. Kilizidi, kikajaa sikioni, kizito na cha kupendeza, kikanifanya niegemee ukuta wa watu.

"Unasikia?" akauliza Mama Neema.

Ilikuwa mvua, inapiga juu ya bati.

"Nasikia, mama."

"Basi," akasema. "Mungu atangulie."